Mimba ya Hakorimana

Hapa Rubaya, siku ya salongo, kila nyumba inatoa muntu moja kulima barabara. Baba akikosa, bibi yake wa ndoa anaenda, anaitikia jina ya nyumba, basi, imeisha. Njo maana kampuni iliposema wabebaji wote wa madini watapimwa damu, na majibu itaingia mu tablette, ile simu kubwa ya kampuni, mujukuu wangu Hakorimana aliona iko salongo ingine. Tena anaogopa sindano. Gunia ya mawe anabeba mulima muzima, lakini sindano! Akatuma bibi yake wa ndoa, Umurerwa.

Infirmière Céline, mwenye kupima watu, mugeni wa kutoka Goma, akaita: "Hakorimana!" Umurerwa akaitika. Wanamuke wengi wanabebaka madini, Céline hakuona ajabu.

Kesho yake, chef Léopold, musimamizi wa wabebaji, akasimama ku mulango wa dépôt ya madini na ile tablette. Léopold anasomaka kila kitu kwa sauti, hata ile haimuhusu.

"Hakorimana, nyekundu! Hapana kubeba. Uko na mimba ya myezi ine."

Wabebaji wakaangusha magunia. Mie, mupishi wa wabebaji, niliacha chungu ya maharagi nikakimbia kuona.

"Mujukuu wangu, na ulinifichia!"

"Koko, nyamaza! Chef, niko mwanaume!"

"Miye nasoma tu. Mwenye mimba anakaa ku jikoni, anachagua maharagi mpaka azae."

"Mama Hakorimana, pole na kichefuchefu!" wenzake wakaimba.

Akili ya Hakorimana ilifika, polepole, sawa vile ilizoea. "Koko... Umurerwa njo iko na mimba?"

"Tablette imejua kabla ya bwana yake," nikamujibu.

Akacheka, kisha akashika kichwa. Mutoto anakuja, na baba hana kazi. Akaenda mbio kwa Céline.

"Nifute ile mimba mu tablette!"

"Siwezi kufuta bila kukupima wewe mwenyewe. Leta mukono."

Aliangalia sindano. Akamuangalia Umurerwa, mwenye alikuwa amefuata makelele. Akafunga macho, akatoa mukono, akaanguka kama gunia hata sindano haijamugusa. Céline hakupoteza wakati: alitoa damu palepale chini.

Alipoamuka, bibi yake alikuwa anamupepea na kitambaa.

"Mimba imefutika," Céline akasema. "Kesho utabeba. Leo hapana, mwenye kuzimia anapumuzika."

Kwa hiyo siku ile alichagua maharagi pembeni yangu. Léopold akachungulia: "Koko, huyu anaendelea aje?"

"Anaendelea muzuri, chef. Ila anakula chakula ya watu wawili."