Ukaguzi wa Kiganja

Nyumbani kwetu kiyoyozi hukaguliwa kwa kiganja. Kila Jumapili baada ya chai, mume wangu huingia chumbani kwa mama yake, husimama chini ya mashine, huinua mkono na kufumba macho kama daktari anayesikiliza moyo wa tajiri. Kisha humuuliza mama, "Vipi, baridi inatosha?" Mama mkwe, kajikunyata kitandani ndani ya sweta lake la buluu, hujibu, "Baridi, mwanangu! Si unaniona nilivyovaa?" Basi mume wangu hutoka kifua mbele na kunitangazia mimi niliye jikoni kwamba mitambo iko sawa.

Mtaani wanamwita Injinia. Kazi yake ni kuuza bima, lakini aliwahi kubadilisha balbu bila kuzima swichi na akabaki hai, na watu wamepewa vyeo kwa sababu ndogo zaidi ya hiyo. Kiyoyozi alikinunua yeye, mama yake alipotoka hospitali na kuhamia kwetu. Daktari alisema kifua chake hakiwezi joto wala vumbi. Siku kilipofungwa ukutani, Injinia akaweka sheria: asikiguse mtu. "Ukifungua tu, waranti imekufa," alisema. Waranti yenyewe ilikwisha zamani, ila heshima zake tuliendelea kuzitoa. Na kama kiganja hakikuhisi baridi, alisema yeye ana damu moto. Kipimo ni sweta la mama.

Mwaka huu mama akaanza kukohoa. Injinia akatafuta mchawi. Kwanza ulikuwa uzee, halafu vitunguu ninavyokaanga, halafu ufagio wangu unaotimua vumbi. Mashine peke yake ndiyo haikushukiwa. Mwishowe akaamua mama ahamie kwa shemeji yangu, kwenye hewa safi, aondoke Jumatatu. Mama hakubisha. Alipanga nguo zake, begi likawekwa mlangoni, na mimi nikaenda kulia bafuni nimefungulia bomba. Wanaosema mkwe na mke wa mtoto ni paka na panya hawajakutana na huyu. Ndiye aliyenilelea watoto, na ndiye pekee nyumba nzima anayecheka utani wangu. Sikutaka aondoke.

Jumapili ile, kabla ya ukaguzi, niliingia na mashuka bila kubisha hodi. Mama alikuwa na gauni tu, jasho likimtiririka, anajipepea kwa kifuniko cha ndoo. Sweta lilikuwa limetupwa pembeni. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma juu yake kama kinafanya kazi. Nikapanda kiti, nikaweka mkono. Upepo uliotoka ulikuwa haba, wa vuguvugu, unanuka kabati la viatu.

"Mama, hii mashine haina baridi!"

"Shh! Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu lile joto la mwaka jana. Usimwambie mwenzio. Aliinunua kwa ajili yangu. Kila Jumapili anakuja anasimama pale, anafurahi kama mtoto. Nimwambie nini sasa?"

"Kwa hiyo hilo sweta..."

"Nikisikia viatu vyake koridoni, navaa," alisema, akakohoa mpaka akashika ukingo wa kitanda.

Nikasema moyoni, waranti na ife, tutaizika. Nilikiinua kifuniko cha mashine kwa vidole viwili. Hakikuwa na skrubu hata moja. Nyuma yake ndipo linapokaa chujio, wavu mwembamba wa plastiki. Wavu sikuuona. Niliona blanketi. Vumbi la kijivu lilikuwa limegandamana, na kwenye kingo limeota ukungu mweusi, weusi ule ule niliokuwa nikiufua kwenye foronya ya mama huku nikisingiziwa ufagio. Nilikasirika, nikalichomoa.

Viatu vikasikika koridoni. Mama akadaka sweta na kujivika upesi.

"Umefungua!" Injinia alisimama mlangoni. "Nani kakuruhusu? Waranti..."

"Karibu, Injinia." Nilishuka nikamkabidhi lile chujio. "Kagua. Kiganja si unacho?"

Akalitazama. Bonge la vumbi likamdondokea kwenye kiatu alichokipiga rangi asubuhi.

"Kwani hii huwa inatolewa?"

"Inatolewa na kuoshwa, baba. Hata sufuria huoshwa."

Alilibeba mwenyewe hadi bafuni, na maji yakasikika muda mrefu. Mama alikaa na sweta lake, akakataa kulivua hata nilipomkonyeza. Injinia akarudi amelikung'uta chujio na kulifuta kwa taulo lake mwenyewe, akalipachika, akabonyeza rimoti. Mashine ikakwaruza kidogo, kisha upepo ukashuka, baridi ya kweli.

Mama akafumba macho. Akavua sweta taratibu. Gauni lilikuwa limemganda mgongoni, limelowa chapachapa. Injinia alikuwa ameshainua mkono kuelekea kwenye mashine, mazoea yana taabu. Akaushusha, akauweka mgongoni mwa mama yake, kisha akakitazama kiganja chake kilivyolowa.

"Mama," alisema, "Jumapili zote hizi?"

"Ulikuwa unafurahi, mwanangu."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia mume wangu, nimeyapanga tangu foronya ya kwanza. Nikayameza. Alilichukua lile begi mlangoni, akalirudisha juu ya kabati, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina namba ya fundi.