Breki za Diski za Bartholomeo

Mtu akinunua boti ziwani, kwa kawaida huiacha ziwani. Bartholomeo Ngassa aliinunua Mwanza, kwenye hoteli iliyofilisika, akaifunga juu ya tela lake na kuivuta mpaka Kahama, mji ambao kiangazi kikishika hata bata hukosa pa kuogelea. Akaiegesha mbele ya geti, pua ikitazama barabarani, ili aendaye sokoni na arudiye wote waione.

Alikuwa mnunuzi wa dhahabu. Wachimbaji wadogo wa Geita walimjua kwa shati lake jeupe lisiloshika vumbi, na kwa mizani yake, ambayo ukiiwekea punje ya dhahabu hupatwa na soni, ikawa haitaki kusema yote. Mwaka ule aliutaka uenyekiti wa umoja wa wanunuzi. Mpinzani wake, Jilala, alikuwa amewachinjia wajumbe ng'ombe. Bartholomeo akaona ng'ombe ni mambo ya kijijini. Yeye angewapeleka ziwani.

Tatizo lilikuwa tela. Njiani kutoka Mwanza, kwenye mteremko mmoja kabla ya Tinde, alikanyaga breki za pikapu na pikapu ikatii. Tela halikutii. Breki zake zilikuwa za zamani, zimeliwa na kutu, na boti ile nzito ikamsukuma kwa nyuma kama fahali asukumavyo ndama, mpaka akaingia kwenye meza ya mama mmoja muuza michembe. Hakuna aliyeumia. Bartholomeo alishuka, akapangusa vipande vya viazi vikavu kwenye boneti, akamweleza yule mama kwamba alikuwa ameamua kuegesha.

Lakini usiku hakulala vizuri, na wiki hiyohiyo alilipeleka tela kwa Edson, fundi wa Kagongwa, mtu mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi.

"Bosi, hizi nazifungua, nazisafisha, nabadilisha vilivyoliwa," Edson alisema akiwa amelala chini ya tela. "Zitashika tu."

"Sitaki kusafishiwa. Nataka za diski. Magurudumu yote."

"Za diski kwenye tela sijawahi kufunga."

"Basi utakuwa wa kwanza."

Zikaagizwa, zikafika kwenye sanduku zuri lenye maelezo ya Kijerumani, lugha ambayo Kagongwa nzima haikuwa nayo. Edson alizifunga kwa kutazama picha. Jinsi zilivyofanya kazi aliielewa upesi, akamwonyesha bosi wake: gari likipunguza mwendo, tela linalisukuma kwa nyuma, kichwa cha tela, pale linapoungana na gari, kinabonyea, kikibonyea, kinasukuma mafuta, na mafuta yanabana diski. Hakuna wa kukanyaga chochote. Tela linajifunga lenyewe.

"Ila kuna waya wa bluu umebaki," Edson alisema akijikuna kidevu. "Sijui unakwenda wapi."

Bartholomeo naye hakujua. Lakini alikuwa mtu ambaye hajawahi kutamka neno "sijui" mbele ya mwenye mikono ya grisi, na hakuona sababu ya kuanza siku ile.

"Huo ni wa taa za sherehe," alisema. "Wenzetu kule Krismasi hupamba mpaka matela. Kata."

Edson akakata, akaufunga kwa utepe mweusi.

Walilijaribu kwenye lami ya kuelekea Isaka, na haki lazima itendeke: lilisimama vizuri mno. Bartholomeo alirudi nyumbani anang'aa. Jumapili, baada ya misa, aliwaita majirani kuja kuona. Watu wazima, na nguo zao za kanisani, wakachuchumaa mmoja mmoja kutazama uvunguni mwa tela, wakatikisa vichwa kama wanaoaga maiti.

Mke wake, Hosiana, binti wa wakulima wa Didia, alisubiri majirani waondoke.

"Baba Ritha, wewe unajua kuogelea?"

"Anayeogelea ni yule asiye na boti, Mama Ritha."

Hosiana akaenda kuosha vyombo.

Siku ya uzinduzi walielekea Nkome, kwenye mwalo ambapo wavuvi hushushia samaki. Wapiga kura walifuata kwa magari yao. Wachimbaji waliosikia kuna pilau walikuja kwa pikipiki. Kulikuwa na maturubai, spika na mpiga picha wa video. Mpango ulikuwa mwepesi. Bartholomeo angerudi nyuma na tela kwenye mteremko mpaka majini, boti ingeelea, na watu wangepiga makofi. Mpiga picha alitaka mtu akae ndani ya boti akipunga mkono. Bartholomeo, ambaye maji yakizidi ndoo humtoa jasho, alisema muungwana hukaa kwenye usukani wa gari. Akapandishwa Hosiana, na gauni lake la zambarau, na mkoba wake mapajani. Kamba zilizofunga boti zikalegezwa, tayari.

Bartholomeo akapiga rivasi. Gari likarudi hatua moja, likagota.

Akaongeza mafuta. Matairi ya pikapu yakachimba mchanga, moshi ukatoka, tela likakaa palepale kama punda wa mnadani. Akaenda mbele, tela likamfuata kwa upole. Akarudi nyuma, likagoma. Kadiri alivyolisukuma ndivyo kichwa kilivyobonyea, na kadiri kilivyobonyea ndivyo diski zilivyokaza. Zilifanya kazi yake vizuri kuliko breki yoyote mkoani, ila zilikuwa zinamzuia yeye.

Alifunga vioo, akampigia Edson.

"Bosi, nahisi ni ule waya," Edson alisema baada ya kusikiliza. "Ungeungwa kwenye taa za rivasi, labda ndio unaziambia breki ziachie."

"Waya upi?"

"Ule uliosema wa Krismasi."

Bartholomeo akakata simu. Nje, Jilala alikuwa ameketi kiti cha mbele, mguu juu ya mguu, anakula pilau taratibu kama mtu mwenye siku nzima.

Mvuvi mmoja wa pale, Bujiku, akagonga kioo.

"Shikamoo, mheshimiwa. Tuliachanishe na gari. Halitasukumwa na kitu, breki zitaachia. Sisi tutalishusha kwa kamba, pole pole."

Hakukuwa na njia nyingine. Tela likaachanishwa. Kundi la wanaume likashika kamba nene, wengi wao wachimbaji, mikono iliyozoea kushusha wenzao mashimoni. Tela likaanza kuteremka kwa adabu, Hosiana juu yake akipunga mkono kama alivyoagizwa.

Na lingefika salama. Lakini Bartholomeo alimwona mpiga picha akielekeza kamera kwenye kamba. Video ingeonyesha kwamba tela lenye breki za Ulaya limeshushwa kama ng'ombe wa mahari. Aibu ya picha hiyo ikampanda kichwani.

"Toeni hiyo kamba," alisema. "Tela hili lina breki za diski."

Bujiku alimtazama. "Mheshimiwa, na zinakanyagwa na nani?"

"Zinajifunga zenyewe. Achieni."

Wachimbaji walitazamana. Kila mmoja alikuwa amewahi kusimama mbele ya ile mizani yenye soni. Wakaiachia kamba kwa pamoja, kwa utiifu ambao Bartholomeo hakuwahi kuuona kwao.

Tela halikuwa na gari la kulisukuma, basi breki hazikuwa na sababu ya kufunga. Lilishuka likikusanya mbio, likawatawanya bata wawili, likazama ziwani lote. Boti ikaruka juu ya wimbi, ikaelea, na upepo ukaichukua kuelekea kisiwa cha Kome, na Hosiana ndani yake, mkoba mapajani.

Bartholomeo alikimbia mpaka maji yalipomfika kwenye viatu. Hapo akasimama, akanyoosha mikono, akapaza sauti:

"Boti yangu! Jamani, boti yangu!"

Juu ya maji sauti husafiri vizuri. Aliona kichwa cha Hosiana kikigeuka, kikamtazama muda mrefu, kisha kikageukia ziwani tena. Nyuma yake spika zilikuwa zimezimwa, na hakuna aliyecheka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Bujiku alimfuata Hosiana kwa mtumbwi wake, akapanda botini, akawasha injini. Bartholomeo akashusha pumzi. Boti ikageuka, ikaja, ikakaribia, kisha ikapinda na kwenda zake upande wa pili. Ikazunguka ghuba, ikapotea nyuma ya miamba, ikatokea tena. Iliporudi, Hosiana ndiye aliyekuwa ameshika usukani, na Bujiku ameketi kando anamwelekeza kwa kidole.

Mume na mke wakashika njia ya kurudi Kahama. Baada ya Geita, Bartholomeo alishindwa kuvumilia.

"Kelele zilikuwa nyingi, Mama Ritha. Ulimi uliteleza."

"Haukuteleza," Hosiana alisema, akitazama nje. "Ulikwenda ulikozoea."

Jilala alichaguliwa bila kuchinja tena. Tela lilitolewa majini na trekta, na kwa kuwa lilivutwa kwenda mbele, lilikuja bila ubishi. Ila boti haikurudi Kahama. Hosiana alisema mahali pake ni kule. Kila wiki akawa anapanda basi kwenda Nkome, na yeye na Apolonia, mke wa Bujiku, wakaanza kuitumia kubeba dagaa kutoka visiwani. Huko machimboni, Bartholomeo akipita na shati lake jeupe, vijana humwamkia kwa heshima zote: "Shikamoo, Boti Yangu." Naye huitikia marahaba, maana afanyeje.

Jumamosi moja alishuka mwaloni mwenyewe, akasimama kwenye mchanga akitazama magunia yakishushwa. Boti ilinuka dagaa mpaka barabarani. Hosiana alimwona, akafuta mikono kwa khanga.

"Unapanda au unatazama?"

Alitazama maji, akatazama mke wake. Akasema anapanda.

"Vua viatu basi," Hosiana alisema. "Hao unaotaka kuwakanyaga ni wa kuuza."