Tochi Isiyofunguka

Ka... sauti moja tu, ndogo, kavu, gizani, na Symphorien akashituka kana kwamba mtu amemgusa shingoni kwa mkono wa baridi, kumbe ni Mama Thérèse amewasha tochi ya kwanza, umeme umekatika tangu jua lizame na soko la Kataki limebaki sauti bila nyuso, na sasa mwanga mweupe umelala juu ya meza, juu ya tochi zilizopangwa kwa urefu kama samaki wa kuuzwa, na Mama anasema, "Hii njo muzuri, Papa, angalia, inapiga mbali, hata mbwa wa ng'ambo ya Lukuga anafunga macho," na yeye anaangalia lakini haoni, kwa sababu ile ka ni ileile, ni sauti ya betri mbili zikigongana mfukoni, na mkono wake wa kulia umeshaingia mfukoni wenyewe, bila kutumwa, kuzitenganisha, moja huku na moja kule, kama watoto wanaopigana... miezi tisa anazibeba, amebadilisha suruali, amebadilisha koti, betri zinahama naye, zimeanza kutoa unga mweupe unaowasha vidole, na hajazitupa, angezitupa wapi, ziwani? Ziwa limekula vya kutosha.

Amekuja kununua zawadi, basi, jambo dogo, mtu ananunua zawadi anarudi nyumbani anakula ugali wake, tochi ndogo ya mfukoni kwa Gauthier na tochi ndogo ya mfukoni kwa Télesphore, marafiki zake, wenzake wa nyavu, kwa sababu mbalamwezi imekwisha, zimepita siku zile ndagala, dagaa wa ziwa hili, hawaifuati taa kwa kuwa mbingu yote ni taa, na kesho jioni mitumbwi inarudi majini, na Papa Jean-Marie mwenye mitumbwi ameshasema, Gauthier njo ataingia ndani ya mtumbwi mdogo, ule wa taa, ule wa peke yako, ule uliokaa mchangani miezi tisa umepinduliwa mpaka kunguni wa mchanga wakaufanya nyumba... na Gauthier alicheka, alisema "bien, Papa, nitalala kule muzuri, bila makoromo ya Sympho," akacheka tena, halafu jioni Symphorien akamwona amesimama peke yake mbele ya mtumbwi ule akiupapasa ubavu kama mtu anayepapasa ng'ombe asiyemjua.

"Ao unataka hii ya kichwa?" Mama Thérèse anauliza, ka, ya pili, mwanga wa manjano, "unaivaa hivi, mikono inabaki bure," na kutoka nyuma sauti ya mwanamume inasema, "Mama, musaidie huyu mutoto, hachague tochi, anachagua bibi," na watu wawili watatu gizani wanacheka, huyo ni Papa Alphonse mshona nyavu, amefuata simu yake iliyokuwa ikichajiwa kwenye sahani ya jua ya Mama Thérèse, ana haraka siku zote mtu huyu, hata nyavu anazishona kama anayefukuzwa, "na bibi mwenyewe hachaguliwe hivyo, wee, bibi unamuchagua muchana," na Mama Thérèse anamjibu bila kuinua kichwa, "Ndiyo maana wa kwako ulimuchagua muchana na yeye akakuona muzuri, akakimbia," na kicheko kinakuwa kikubwa, na Symphorien anatabasamu gizani ambako hakuna anayeona, uso unafanya kazi yake, na mdomo unauliza swali ulilokuja nalo tangu nyumbani, "Mama, uko na ile isiyofunguka?"

"Isiyofunguka namna gani?"

"Isiyo na mulango wa pile, wa kutia betri. Ya kuchaji tu. Iliyofungwa yote."

"Eh! Weye njo wa kwanza," anasema Mama Thérèse, "watu wote wa ziwa wanataka ya pile, courant haiko, Papa, utachajia wapi, ku moto wa makala?" lakini ameshainama, anatafuta chini ya meza katika katoni iliyotoka Kigoma na meli ya juzi, na sauti ya plastiki inasuguana na plastiki, na Symphorien anasubiri na anaona, haoni soko, anaona mchana ule wa miezi tisa iliyopita, jua linachoma mchanga, redio yake imefia mapumzikoni mwa mpira, bao moja kwa moja, na mtumbwi mdogo uko palepale hatua kumi, na chini ya kiti chake kuna kopo la maziwa la bati, na ndani ya kopo tochi ya alama, tochi ya wote, isiyo na jina, na kitu cha wote hakina mwenyewe wa kukasirika, akafungua kopo, akafungua tochi, akatoa betri mbili, nitazirudisha kabla ya jua kuzama, alijiambia, na alikuwa anasema kweli, hilo ndilo linalomchoma, alikuwa anasema kweli kabisa, mpira ukaisha, akazitoa redioni, akazitia mfukoni ili azirudishe, na Papa Jean-Marie akaita, "Sukumeni! Sukumeni, upepo ni muzuri!" na akasukuma, wote wanne wakasukuma, wakaimba, na wimbo ukaifuta ahadi kama wimbi linavyofuta nyayo, akaruka ndani ya mtumbwi mkubwa pamoja na Papa Jean-Marie, Gauthier na Télesphore, na yule wa nne, mwenzao, yule... yule akaingia peke yake katika mtumbwi wa taa, kama kila siku, akapiga ishara ya msalaba, akawaonyesha ulimi.

Yule. Mwenzetu. Mutu yetu. Hivyo ndivyo wanavyomwita, kwa sababu Papa Jean-Marie aliwakataza asubuhi iliyofuata ufukweni, maji bado yanawatiririka, alisema, "Mutu ziwa halijamurudisha, jina lake haliitwi karibu na maji, ukiliita unamukata njia, anageuka kukuitika na anapotea tena," na wote wakainamisha vichwa, na mwiko ule ukamfaa Symphorien, Mungu anajua ulivyomfaa, alijificha ndani yake kama panya ndani ya gunia la mtu mwingine, mwiko ulikuwa wa karibu na maji tu, yeye akaupandisha mpaka mlimani, mpaka nyumbani, mpaka parokiani siku ya kuwaombea marehemu, katekista alipopita na daftari akisema leteni majina, Gauthier akamtazama, Télesphore akamtazama, yeye ndiye mwenye mwandiko mzuri, na yeye akaiangalia ile kalamu mpaka katekista akapita kwenda benchi la nyuma.

"Voilà," anasema Mama Thérèse, "hii hapa, nyeusi, ndogo kama kidole, imefungwa kama yai, uniambie basi, uko na watu wangapi?" na mdomo wake unasema "watatu" kabla kichwa hakijafika, watatu, kwa sababu tangu utoto marafiki zake ni watatu, ukimwamsha usingizini atasema watatu, na Mama anaziweka mezani, moja, na nyingine, na nyingine, ka, ka, ka, zote zinawaka pamoja, mianga mitatu inatazama juu kwenye turubai... mara tatu. Mara tatu njo alama. Ukipotea, ukizimikiwa na taa kubwa, unawasha mara tatu, unazima, unawasha mara tatu, na mtumbwi mkubwa unakuja, hivyo walivyofundishwa wote, na upepo ulipotoka upande wa Moba, ghafla, bila hodi, wimbi likapiga betri ya gari inayowasha taa za mtumbwi mdogo na taa hizo zote zikafa mara moja kama zimefunikwa na sufuria, Télesphore alisema "Atawasha," akiwa ametulia kabisa, "ngojeni, atawasha, anajua, hatupige kasia bure," na wakangoja, Papa Jean-Marie ameshika kasia juu, macho manane yanazunguka giza yakitafuta mara tatu, na Symphorien akatia mkono mfukoni kwa baridi na mfuko ukamjibu, ka.

Angesema. Neno moja. Hana pile. Twende kwa sauti, twende pale tulipomwona mara ya mwisho, kwa sababu sauti ilikuwepo, mara mbili ilikuwepo, upande wa kushoto, nyembamba, lakini ziwani usiku watu wanaiamini nuru, sauti inazungushwa na upepo, inaletwa kutoka isikotoka, na Gauthier alipopaza "Umesikia?" Télesphore akasema "Ni upepo, angekuwa yeye angewasha," na yeye, Symphorien, mtu pekee katika ziwa lile lote aliyejua kwamba asingewasha, kwamba hangeweza kuwasha hata angebonyeza mpaka kidole kivunjike, akazibana betri katika ngumi na akangoja pamoja nao, akangoja mwanga aliokuwa ameushika mkononi... aibu, ndiyo, aibu ndogo tu ya kugombezwa kwa ajili ya mpira, ndiyo iliyomfunga mdomo kwa muda ule, na muda ule ulikuwa mfupi, mtu angesali Baba Yetu mara mbili ukaisha, na siku ya tatu mtumbwi ukaonekana upande wa Kabimba, umelala kifudifudi, kopo halimo.

"Unataka niandike?" Mama Thérèse ameshachukua msumari, ameutia katika makaa ya mbabula wake, jiko la bati, ndiyo sababu wavuvi wanamjia yeye na si mwingine, anaandika jina la mtu kwenye tochi yake kwa msumari wa moto, herufi zinaingia ndani ya plastiki hazitoki, tochi yenye jina hakuna mtu wa kuifungua ovyo, na Symphorien anasema ndiyo, andika, na anasema, "Gauthier," na msumari unalia tss, harufu ya plastiki inapanda, na anasema "Télesphore," na Mama anasema "refu hilo, Papa, tochi itaishia ku Tele," na watu wanacheka, na Papa Alphonse anasogea mwangani, anamtazama usoni kwa mara ya kwanza, anasema, "Ah, kumbe weye ni mutoto wa kwa Jean-Marie! Gauthier na Télesphore, ndiyo, njo nyinyi, nyinyi mulikuwa na ule mulevi."

Msumari umerudi makaani. Mtu fulani gizani anauliza, "Mulevi gani?" na Papa Alphonse, bila ubaya, kwa sauti ile ile ya kuulizia simu yake, "Ule wa mutumbwi wa taa, aliyekunywa lutuku akalala, tochi iko chini ya matako yake na hawashe, masikini, pombe njo ilimuua, si maji," na Mama Thérèse anasema, "Pole kwa mama yake," na mwingine anasema, "Mama yake si ule Emilie aliyekuwa anauzisha mikate ya beignets ku mulango wa parokia? Aliacha, watu walimusema sana," na mazungumzo yanapita juu ya meza kama sahani ya chumvi, kila mtu anachota kidogo, na Symphorien amesimama katikati ya mianga mitatu na anamkumbuka mtu asiyekunywa hata bia ya ubatizo, aliyekunywa Fanta kwa mrija akisema Fanta bila mrija ni dawa, aliyeionyesha dunia ulimi kabla ya kuingia kazini... wamemwita mlevi miezi tisa, naye amewaacha wamwite, kwa sababu mlevi hahitaji betri, mlevi anaeleza kila kitu, na sasa ndio anaona alichofanya, hakumnyang'anya mwenzake nuru tu, amemnyang'anya na jina, kisha akasema ni mwiko.

Anazitazama tochi tatu nyeusi zilizofungwa kama mayai. Isiyofunguka. Alitaka tochi ambayo hakuna mkono unaoweza kuifungua, mkono wake wala wa mwingine, alidhani hiyo ndiyo zawadi, tochi ambayo kosa lake haliwezi kuingia tena... lakini isiyofunguka huwezi kuiangalia tumboni, huwezi jioni kabla ya kusukuma ukaifungua mbele ya Gauthier ukamwambia tazama, zimo, zote mbili, nimezihesabu mimi mwenyewe, huwezi kujua imekauka mpaka siku unapoihitaji, inakuwa kama yeye, imefungwa vizuri, nyeusi, inang'aa, na watu wanaiamini. "Mama," anasema, "zirudishe hizi. Nipe zile za pile." "Eh, na nimekwisha kuandika!" "Nitazilipa na hizo. Nipe za pile, tatu, zifunguke muzuri," na mkono wake wa kulia unatoka mfukoni, polepole, kama mkono wa mtu mwingine, na unaweka mezani, ka, betri mbili za zamani zenye unga mweupe, karibu na tochi, na Mama Thérèse anazisogezea mwanga anasema, "Hizi zimekufa, mutoto yangu, utafanya nazo nini?" na Papa Alphonse anapiga ulimi, "Mama, simu yangu, tafazali," na umeme haujarudi, na mstari wa wateja haujasogea, na nyuma ya nyumba ziwa linapumua kama kawaida yake, lipo karibu, lipo karibu sana, mtu akitaja kitu hapa litasikia, na lisikie, na ageuke kama atageuka, labda miezi tisa alikuwa anangoja hicho tu, sauti moja ya kuifuata.

"Gauthier, Télesphore," Mama Thérèse anarudia, ameshaandika mbili za pile, msumari mwekundu mkononi, "na hii ya tatu, ya nani?"

"Ya yule aliyekuwa ndani ya mutumbwi wa taa," anasema Symphorien, na hamtazami Mama, anamtazama Papa Alphonse, "hakunywa, Papa. Hajakunywa hata siku moja. Tochi yake haikukuwa na pile, na pile njo hizi, mimi nilizitoa," na msumari unaanza kupoa, na anasema, "andika, Mama. Andika Nicolas."