Zima Si Neno la Utani

Mashine ilikuwa haijalalamika tangu asubuhi, na hilo ndilo lililomkasirisha Mama Unywele hata kabla hajautua mkoba wake.

Wafanyakazi walimpa jina hilo kwa sababu ya wimbo wake wa kila siku: kwamba kati ya kifaa cha shaba na chuma kinachochongwa sharti ibaki nafasi nyembamba kama unywele. Mashine ile haikukata chuma kwa meno. Shaba ilishuka polepole kukielekea chuma, maji ya chumvi yakasukumwa kwa nguvu katikati, umeme ukapita ndani ya maji, na chuma kikayeyuka taratibu kikifuata umbo la shaba. Viwili hivyo vilikaribiana mchana kutwa bila kugusana. Vikigusana, ni moto. Ndiyo maana umeme ulipimwa saa zote na kuwekewa kikomo: ukipanda kupita hapo, king'ora hulia na mashine hujizima yenyewe. Siku ya kawaida kililia, mara kwa tope, mara kwa pampu. Mashine isiyolia kabisa ni kama mtoto mchanga asiyelia kabisa; mama mwenye akili hafurahii utulivu huo, huenda kumtazama.

Aliyeiendesha ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi hodari na mcheshi wa ukumbi mzima. Alipomwona msimamizi wake akiingia, alitanua mikono.

"Mke wangu huyo! Mbona uso umekunjwa? Kaka kakunyima chai?"

Mafundi wenzake wakaangua kicheko. Shemeji kwa shemeji ni watani, na anayemkasirikia mtani wake huonekana hakulelewa. Kwa hiyo Mama Unywele alikuwa amevumilia. Alikwenda moja kwa moja kwenye vipimo. Kikomo cha umeme kilikuwa kimepandishwa hadi juu kabisa, mahali ambapo kisingezima kitu hata jengo zima likiwaka.

"Nani amegusa kikomo?"

"Mimi. King'ora chako kina gubu kuliko mama mkwe wako, na mama mkwe wako ni mama yangu, namjua. Nimekipa likizo."

Kando ya tangi la maji ya chumvi alisimama Mzee Chujio, ambaye kazi yake ilikuwa kusafisha vichujio vinavyonasa tope la chuma kilichoyeyuka.

"Mama, nilimwomba asimamishe nibadilishe kichujio," alisema kwa sauti ya chini. "Akaniambia nisubiri kipande hiki kiishe. Kikaisha, akaanza kingine. Mzaha mzaha..." Methali hiyo haihitaji kumaliziwa.

Mama Unywele alitazama mita. Umeme ulikuwa ukipanda kwa kurukaruka, kama moyo wa mtu aliyekimbizwa. Kichujio kimeziba, maji yamepungua, tope limeijaza nafasi, na shaba ingali inashuka.

"Zima."

"Nizime nini, moyo wangu kwako? Huo hauzimiki."

"Nimesema zima mashine!"

"Jamani, mnaona? Akikasirika ndiyo anazidi kupendeza!"

Katika kazi ile palikuwa na neno moja lililopaswa kutiiwa kwanza na kuulizwa baadaye. Alikuwa amelitamka mara mbili mbele ya watu, nalo likapokewa kama kibwagizo cha wimbo wa harusi. Damu ikamchemka. Kitufe chekundu kilikuwa nyuma ya mgongo wa shemeji; alipomwendea, yeye akatanua mikono kumzibia njia, akidhani mchezo unaendelea. Mama Unywele akampiga kikumbo cha bega, akanyoosha mkono.

Kabla kidole hakijafika, mwanga mweupe ulimulika nyuma ya kioo cha mashine, ukafuatwa na mshindo. Shaba ilikuwa imekumbatia chuma. Maji yaliyokosa njia yaling'oa bomba la mpira, yakaruka yakiwa yamechemka, yakamwangukia Mzee Chujio mkononi, kuanzia kiganja hadi kiwiko.

Ndipo kidole chake kikafika kwenye kitufe, mashine ikazimika. Mzee alikaa chini tu, akaushika mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mafundi wawili walimwinua wakampeleka kwenye bomba la maji baridi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema kwamba mara nyingi guu livunjikalo ni la jirani.

Meneja alifika akihema. "Kumetokea nini?"

"Kichujio kiliziba, bosi," shemeji akawahi. "Bahati mbaya tu." Kisha akamtazama Mama Unywele kwa jicho la nyumbani, jicho la mtu aliyekula naye sahani moja.

Alilielewa jicho hilo. Akinyamaza, jambo litakuwa la kichujio, na kesho neno lake litachekwa tena. Akisema, mama mkwe ataita kikao, na yeye ataambiwa kwamba ameiuza damu ya watu waliompokea.

"Kichujio kiliziba, ni kweli," alisema. "Lakini kikomo hakizibi. Kimepandishwa kwa mkono, na mkono wenyewe ni wa shemeji yangu huyu. Niliamuru azime, mara mbili, akanifanyia mzaha. Nilipokwenda kuzima mwenyewe akanizibia njia. Simtaki kwenye mashine yoyote ninayoisimamia."

"Shemeji! Si tulikuwa tunataniana?"

"Wewe ulikuwa unatania. Mimi nilikuwa kazini. Nenda kwa yule mzee, mtazame mkono wake, kisha umweleze kichekesho kilikuwa wapi."

Hakuna aliyecheka. Meneja aliunyoosha mkono, naye shemeji akamkabidhi kitambulisho cha kufungulia mashine. Alipofika mlangoni aligeuka, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na sukari.

"Na nyumbani utasemaje?"

"Haya haya niliyoyasema hapa."

Baadaye Mama Unywele alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine, akilegeza shaba iliyoungua ili aone kama itafaa tena, simu ilipolia. Ni mumewe, habari mbaya haipandi ngazi, huruka.

"Mama watoto, umemfanya nini mdogo wangu?" Sauti ilikuwa na kicheko ndani yake, kicheko cha mtu anayetaka mambo yaishe. "Ati umemtimua kwa sababu ya utani? Wewe nawe..."

"Kwanza usicheke," alisema. "Ukicheka nakata."

Kicheko kikakatika upande wa pili. Ndipo akaanza kumweleza, akianzia kwenye mkono wa Mzee Chujio.