Mahindi ya Barabara ya Zahanati

Mke wa Isdori alijifungulia kwenye matope, karibu kabisa na zahanati ya Kasanzi, kwa sababu bodaboda ilikwama na haikutoka. Mtoto alipona. Kesho yake Coleta, aliyempokea mtoto huyo kwa khanga yake, alikwenda kwa mtendaji wa kijiji mara ya tano kuulizia barabara.

"Suala lenu liko kwenye mchakato," mtendaji alisema.

"Basi sisi tutalima mahindi humo."

Mtendaji alicheka. Jumamosi hiyo Masalu, mfugaji wa Kisukuma, alileta maksai wake, na wanawake wa jumuiya ya kanisani wakapanda mahindi barabarani, kuanzia hatua chache kutoka kwenye lami mpaka geti la zahanati. Walitaka mtu aone aibu.

Mahindi yakastawi kuliko ya mashambani, maana ng'ombe wa Masalu walikuwa wameacha samadi pale miaka mingi. Mwezi wa tano akaja Enock, bwana shamba wa kata. Akapima mabua, akapiga picha, akasimika kibao: SHAMBA DARASA. NI MARUFUKU KUPITA.

"Mwanangu, hii ni barabara," Coleta alimwambia.

"Ilikuwa barabara, mama. Sasa imeshaingia kwenye taarifa. Wageni wanakuja Ijumaa kulitazama shamba hili."

Jumatano likaja greda. Dereva wake, Evaristi, alisema ameagizwa achonge njia ya magari ya wageni, kutoka kwenye lami mpaka mahindi yanapoanzia. Zilikuwa hatua kumi.

Coleta aliyatazama mahindi. Yalikuwa yamekauka vizuri.

"Na yakianzia mbali zaidi?"

"Nitachonga mpaka huko, mama. Mafuta ninayo."

Wanawake wakaingia na mapanga na viroba. Walivuna, greda likawafuata nyuma. Alhamisi jioni ilibaki mistari mitatu tu, mbele ya geti la zahanati, na kibao chake.

Ijumaa magari yalifika bila kukwama. Enock alipoiona ile mistari mitatu, alijisogeza haraka mbele ya kibao chake.  Coleta naye alijua kesi ikija, yeye ndiye wa kwanza kuitwa.

Mgeni rasmi alishika hindi, akaligeuzageuza. Alisema amefurahishwa sana, akaagiza kila kijiji cha kata kitenge barabara moja kwa ajili ya kilimo.

Coleta alipiga makofi na wenzake. Jumapili, baada ya ibada, alikwenda kijiji cha pili kuwashauri wanawake wa huko waanze kukusanya samadi ya barabara yao.