Cheti cha Ruhusa

Mwenye duka alifungua droo, akatoa vibati vya shaba vilivyotobolewa katikati, akavipanga juu ya kaunta. Mama alivitambua mara moja. Wafanyakazi wa kiwanda cha nguo walikuwa wakivitumia kupata chakula cha mchana kantini, kabla kiwanda hakijafungwa na mashine zake kuuzwa kama chuma chakavu. Safari hii kulikuwa na noti pia, noti ya mchezo yenye picha ya nyani aliyevaa miwani.

"Mzee alichukua sukari na sabuni, akalipa kwa hivi," mwenye duka alisema. "Nikamrudishia na chenji, mama. Ningemkatalia vipi mbele za watu?"

Mama alilipa, akavitia vibati mkobani. Akaomba radhi, akaeleza tena kwamba mumewe haumwi sana, ni umri tu. Kila mahali alikuwa mtu wa kueleza: dukani, kwenye foleni ya maji, kwa wapangaji wa chumba cha pili. Maelezo hayo yalimchosha kuliko kufua.

Mumewe alikuwa nyapara wa kiwanda kile. Kiwanda kilipokufa, alianza kukusanya masalia yake: vibati, kadi za mahudhurio, vyeti vya ruhusa vyenye mhuri wa zambarau. Kisha akanogewa, akaongeza pesa za kuchezea na sarafu za ukumbusho ambazo hazijapata kununua hata kiberiti. Makopo ya biskuti yakajaa chini ya kitanda. Enzi hizo alijua habari za kila kipande, na mkewe alimtania kwamba yeye ndiye tajiri pekee asiyeweza kununua chumvi. Sasa akili ya mzee ilikuwa imeanza kumtoroka na kurudi kazini bila yeye, na utani ule haukuchekesha tena.

Asubuhi moja, baada ya kubadilisha shuka kwa mara nyingine tangu alfajiri, mama aliketi jikoni, akalaza kichwa mezani. Hakulia. Hata kulia kulitaka nguvu. Aliposikia hatua hakuinuka.

Mumewe alisimama mlangoni, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, kopo kwapani.

"Wewe ni wa zamu ipi?" aliuliza.

Siku nyingine angemrekebisha. Angemwambia mimi ni mkeo, hapa ni nyumbani, kiwanda hakipo. Naye angekasirika, na asubuhi nzima ingeharibika. Leo alimtazama tu. Sauti ile hakuwa ameisikia kwa muda mrefu, sauti ya mtu aliyebeba dhamana ya wenzake.

"Ya usiku, bwana nyapara," alijibu. "Na ya mchana pia."

Mzee alikunja uso. "Nani amekupanga hivyo?"

"Hakuna aliyenipanga. Watu hawatoshi."

Alifungua kopo, akapekua mpaka akapata cheti kisichoandikwa kitu, karatasi yake imegeuka rangi ya chai. Akaomba kalamu. Akatia sahihi, ikatoka nje ya mstari. Hata hivyo alikipuliza cheti kama aliyezoea wino wa kukaushwa, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Nenda kalale," alisema. "Mashine zako nitaziangalia mimi."

Mama aliinuka. Alikipokea, akaenda chumbani, akajitupa kitandani na viatu vyake miguuni. Kupitia mlango uliobaki wazi alimwona mumewe akiburuta kiti hadi sebuleni, akaketi wima, mikono juu ya magoti.

Usingizi ulikuwa umeshamfunika nusu alipomsikia jirani akipiga hodi na kuuliza kama mama yupo, ana shida naye kidogo. Kwa mazoea alianza kujiinua ili akaeleze.

"Yupo," mumewe alijibu kwa sauti ya chini. "Lakini ana ruhusa. Tusimwamshe."

Jirani naye akashusha sauti, akauliza ruhusa yenyewe ni mpaka lini.

Mama alirudisha kichwa juu ya mto, akatega sikio angojee jibu, lakini usingizi ulimwahi.