Bwawa la Kubatizia

"Kwa hiyo mchanga huu umeshuka mbinguni?" Roda alifoka, sepetu mkononi. "Bwawa la kubatizia limejaa mpaka kuku anavuka bila kulowa!"

"Mama, mto una tabia zake," akajibu jirani yake, Timotheo, suruali imeganda matope mpaka magotini. "Mvua ikinyesha huko juu..."

"Mvua gani Agosti hii? Mvua ni wewe na Watson na makarai yenu!"

Sisi tuliokuwa tunaelekea ibadani tukapunguza mwendo. Ugomvi mtamu haupitwi. Pale Mbangala nani asiyejua? Tangu tuhamishiwe kijijini, wale wawili walikuwa wakibomoa kingo za mto kule juu bondeni, wanaosha udongo kutafuta dhahabu, tope lote linateremka kwetu. Dhahabu yenyewe haijajaza jicho la sisimizi. Tulijua pia kwamba Timotheo anamtaka Aida, na Roda, shangazi aliyemlea binti, ameshasema: hamwozi kwa mtu ambaye hajazamishwa majini mzima mzima. Na ubatizo ulikuwa siku hiyo hiyo.

Mchungaji akaingia bwawani na kanzu yake nyeupe. Maji yakaishia kwenye vifundo vya miguu.

"Hapa nitabatiza nyayo tu," akasema. "Mpeni Timotheo sepetu."

Basi Timotheo akachimba, kwaya ikimwimbia. Akitoa mchanga, mwingine unaingia. Beti zikaisha, kwaya ikaanza upya. Mwisho akapaza sauti kuelekea juu bondeni:

"Watson! Acha kuosha!"

"Uhuru na Kazi, ndugu!" Watson akaitikia toka huko.

"Acha bwana, nabatizwa!"

"Na udongo wetu tuliorundika je?"

Timotheo akamtazama Aida kwenye kwaya.

"Chukua wote! Na shimo chukua! Ila leo tulia!"

Makarai yakanyamaza. Timotheo akachimba tena; jua linashuka, maji yakafika kiunoni, Timotheo akazamishwa. Akaibuka na udongo kwenye ndevu na masikioni, mchafu kuliko alivyoingia. Mchungaji akawahi kusema amina kabla hajaulizwa kitu.

Tukamsindikiza mpaka kwa Roda, nani abaki? Mama akamzunguka pale uani, anamkagua kama ng'ombe wa mnadani.

"Dhambi zimetoka," akasema. "Tope limebaki. Aida! Mletee huyu maji ya mtungi anawe. Na wewe Timotheo, mwanangu, unasimama uani kama mgeni kwa nini? Ingia ule, ugali unapoa."